Kipande cha Lami na Kofia Nyeupe

Jina lake silitaji. Waliosoma kwake watamtambua kabla ya kufika nusu ya maandishi haya, na ambao hawakusoma kwake hawatapungukiwa na kitu. Sisi tulimwita Mwalimu, basi. Skuli yetu ya Mji Mkongwe ilikuwa na walimu wengi, lakini ukisema "Mwalimu kaja", darasa zima lilijua ni yupi na lilikaa sawa.

Alisomesha jiografia. Katika mtaala mwezi ulikuwa na kurasa chache tu, ila kwake kila somo lilipinda mpaka likafika huko. Mkianza kilimo cha karafuu, kabla ya kengele mshafika mwezini. Mkianza mvua za masika, mnamaliza mwezini. Tulimzoea, na baadhi yetu tulimsubiri afike.

Somo lake kubwa alilitoa katika chumba cha chini, chenye kuta nene na madirisha ya mbao. Aliamuru madirisha yafungwe yote, na aliyekaa karibu na mlango azibe ufa kwa mkoba wake. Giza likitimia, aliwasha tochi aliyoizungushia karatasi nyeusi mdomoni ili mwanga utoke mwembamba, akaupeleka juu ya kitu kilichokuwa mezani. Kitu kile kiling'aa gizani peke yake.

"Rangi gani?" aliuliza.

Tulijibu nyeupe. Wengine walisema rangi ya fedha. Yeye alitungoja. Wanafunzi wa miaka ya nyuma walikuwa wameshatufundisha la kusema, na lazima mmoja wetu alitamka: "Kofia, Mwalimu."

Hapo aliivua kofia yake nyeupe ya viua, akaiweka ndani ya mwanga ule, ubavuni mwa kile kitu. Na kitu kikageuka kuwa cheusi mbele ya macho yetu. Hakuna aliyekigusa na mwanga haukubadilika. Madirisha yakifunguliwa tuliona kwamba ni kipande cha lami ya barabara, kikubwa kama andazi.

"Jiwe halikugeuka," alisema, huku akiirudisha kofia kichwani. "Nyinyi ndio mlikosa cha kulinganishia. Mwezi ni mweusi kama barabara ya Amani. Unang'aa kwa sababu jua linaupiga, nyuma yake pana giza, na ubavuni mwake hamna kofia."

Nimewahi kuona walimu wakisomesha kwa mitambo na picha za sinema, lakini sijaona aliyelifikisha jambo kwa haraka namna ile. Mtu anatoka pale anajua vitu viwili: kwamba mwezi hauna mwanga wake mwenyewe, na kwamba macho yake yanaweza kumdanganya akiwa amekaa sawa, ameamka, na hajaambiwa uongo wowote. Hilo la pili ndilo lililonifanya mwandishi wa habari.

Kipande kile kilipovunjika, kingine tulikwenda kukichukua pamoja naye. Barabara ya kwenda Amani ilikuwa ikichimbwa, akatutoa darasani, tukaenda kwa miguu hadi Ng'ambo, karibu na uwanja wa mpira, na sare zetu. Mafundi wa barabara walimuuliza kama anataka lami ya kupikia. Akawajibu kwamba anatafuta mwezi na wasimharakishe. Alivigeuza vipande vingi kabla ya kuchagua kimoja ambacho kizibo cha soda kilikuwa kimezama upande wa chini. Mwenzetu alitaka kukibandua kile kizibo. Mwalimu akamzuia. Alisema mwezi nao umepigwa na mengi, na bado ndio uleule.

Neno lake la kila siku lilikuwa moja: "Umeona au umeambiwa?" Ulimletea habari yoyote, ya mtihani, ya msiba, ya bei ya samaki, naye alikuuliza hivyo kabla ya kukupa kiti. Kuambiwa hakukukataa, alitaka tu ijulikane kuwa ni kuambiwa. Nilipoanza kazi niligundua kwamba wahariri wengi wana maneno marefu ya kusema jambo hilohilo.

Alikuwa hana subira na sifa za mwezi. Katika harusi moja ya mtaani, shangazi wa bwana harusi alikuwa anazunguka na sahani huku akimsifu kijana wao kuwa ni mwezi wa nuru. Mwalimu akainama akamwambia kwamba wamemtukana kijana, maana wamemwita jiwe jeusi, kavu, lenye mashimo na lisilo na lake. Yule mama hata hakusimama. "Wee Mwalimu, kula pilau yako," akamwambia, akapita. Meza nzima ilicheka, na yeye alicheka kuliko wote.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mwenye duka la vitambaa pale Darajani, Mhindi, mtu mwembamba na mpole. Mkewe alikuwa na siku yake ya kufunga kila mwaka, hafungui mpaka mwezi uchomoze na autazame kwa kupitia chekecheo. Mwalimu aliiheshimu funga ile na hakuisema hata kwa mzaha. Ubishi wao ulikuwa mwingine. Mwenye duka aliamini, kama wanavyoamini watu wengi, wenye shahada wakiwemo, kwamba mwezi huwa mchanga au nusu kwa sababu kivuli cha dunia kimeufunika.

Siku moja alasiri Mwalimu akamtoa dukani, akanunua ndimu kwa mchuuzi wa jirani, akamsimamisha barabarani. Nusu mwezi ulikuwa juu ya mapaa, umepauka, na jua lilikuwa bado kali upande wa pili. Mwalimu akainyanyua ndimu kuuelekea mwezi. Jua likaipiga, na ndimu ikawa na upande wa mwanga na upande wa giza vilevile kama mwezi uliokuwa nyuma yake.

"Hiki kivuli cha dunia kiko wapi hapa?" akamuuliza. "Jua lile pale juu, mwezi ule pale juu, na dunia umeikanyaga."

Alimweleza kwamba kivuli cha dunia huufikia mwezi siku ya kupatwa tu, siku ambayo wazee walisema kuwa samaki chewa ameumeza. Na kwamba hata nusu mwezi si nusu ya mwanga wa mwezi mpevu, wala haufiki robo yake, kwa sababu ardhi ya kule ina vifusi na mabonde, na jua likiipiga kwa ubavu kila kijiwe kinajitupia kivuli. Mwenye duka aliitazama ndimu, akautazama mwezi, kisha akamtazama yeye. "Mwalimu," akamwambia, "siku ukichoka na skuli njoo dukani kwangu. Wewe utamuuzia mtu vumbi, na atakuomba umfungie kilo nyingine." Tulicheka tena. Miaka ile tulicheka sana.

Ushahidi wa macho yake aliuchunga kuliko mtu yeyote niliyemjua. Jioni za kuutafuta mwezi wa Ramadhani tulikuwa tunapanda juu ya paa la nyumba aliyopanga, watu wa nyumba tatu nne, wakubwa na watoto, tunatazama magharibi. Mwaka mmoja mtu aliona, akaonyesha, na wote tukaona: ule pale, chini ya wingu, kama kucha. Watu wakaanza kupeana mikono. Yeye alisimama na mikono nyuma. "Mie sijaona," alisema. Wakamwambia macho yamezeeka. Wakamwambia asitukoseshe heri. Akarudia kwamba hajaona. Baada ya dakika chache mwezi wetu ukaanza kutembea, ukageuka, ukateremka kuelekea uwanja wa ndege. Mwalimu aliteremka ngazi mbele yetu akiimba kwa pua.

Nyumbani kwake, hata hivyo, alikuwa mtu mwingine kidogo. Mkewe alishika mambo ya zamani: nguo za mtoto mchanga haziachwi nje zikapigwa na mwezi, mtoto ataugua. Nilifika siku moja magharibi inaingia, nikamkuta Mwalimu uani anaanua vinguo vya mjukuu kwa haraka, na vibanio viwili mdomoni. Nilimuuliza swali lake mwenyewe, kama ameona au ameambiwa. Akatoa vibanio. "Nimeambiwa na mke wangu," alisema. "Huo ushahidi una daraja yake." Niliisimulia hadithi hiyo kwa miaka, kama mfano wa mume mwema. Sasa hivi nikiikumbuka nasimama pale penye vibanio, natafuta kama kulikuwa na kitu nilichopaswa kukiona.

Nilipomaliza chuo kikuu Tunguu nilipata kazi katika redio moja ndogo ya mjini. Niliipenda. Nilisoma habari za asubuhi, na mama yangu aliwalazimisha majirani wazime televisheni zao wasikilize. Kisha ikakaribia siku ya kupatwa kwa mwezi, na mhariri akanipa tangazo lililoandikwa kama habari. Lilisema kwamba usiku ule mwezi utatoa mwanga wenye sumu, kwamba wajawazito na wazee wajifungie, na kwamba ipo dawa ya kujikinga inayopatikana kwa mtu fulani. Mtu huyo alikuwa anadhamini kipindi. Nilitakiwa nilisome kwa sauti yangu ya habari.

Nilimpelekea Mwalimu. Alisoma mara moja, akanirudishia karatasi kwa ncha za vidole.

"Mwezi hauna hata mwanga wa kwake, itakuwa sumu?" alisema. "Ukiisoma hii, mlango wangu usiujue tena. Ondoka mwenyewe, mwanangu, kabla hawajakuzoesha."

Niliondoka. Tangazo lilisomwa na mwengine, na dawa ikauzika. Tangu hapo sijapata kazi ya kudumu. Nnaandika huku na huku, makala hii kwa huyu, ile kwa yule, na mama hajanisamehe. "Mwezi umekuachisha kazi," aliniambia. "Haya, uambie ukulishe." Lakini kila nilipoona nimekosea nilikumbuka kwamba kuna mtu mmoja katika mji huu ambaye angefanya kama mimi. Nililiegemea hilo kwa miaka.

Mkewe alifariki, watoto walikuwa nje, na ngazi za nyumba zikamshinda. Nikasikia amehamia kwa mpwa wake upande wa mashariki. Nilikuwa nikisema nitakwenda kumtazama, kisha kazi zinanizuia, kama inavyokuwa.

Mwaka huu mtandao mmoja wa habari za utalii uliniomba makala kuhusu hoteli za Uroa. Waliniambia ipo moja yenye jioni maalumu ya mwezi mpevu, ambapo mtaalamu wa kienyeji anazungumza na wageni. Upande ule mwezi mpevu huchomoza baharini jua likiwa linazama nyuma yako, kwa hiyo nilifika mapema nikakaa nyuma. Viti vilipangwa mchangani, taa za hoteli zilipunguzwa. Wageni walikuwa wametulia. Mtaalamu alikuwa anaswali magharibi, tukaambiwa tumsubiri.

Akaja. Kanzu mpya iliyopigwa pasi, na kofia nyeupe ya viua. Nilinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Nilifurahi, na hilo nataka liandikwe: nilifurahi. Nilisema moyoni, hawa watu hawajui wamempata nani.

Alianza kuzungumza Kiingereza chake kizuri cha darasani. Aliwaambia kwamba mwezi wa Unguja si kama wa kwao. Kwamba hapa, karibu na mstari wa Ikweta, mwezi una nuru yake wenyewe, nuru baridi, ambayo haitoki kwenye jua. Kwamba wazee wetu walilijua hilo kabla ya wanasayansi, na walitibu kwayo mifupa na majonzi. Mwezi ulikuwa unapanda nyuma yake, mkubwa na mwekundu, na akawaambia kwamba ukubwa ule ni kwa sababu umetusogelea. Hilo la ukubwa alitusomesha yeye mwenyewe kwamba ni macho tu, tuupime kwa ncha ya kidole mkono ukiwa umenyooka, ukichomoza na ukiwa juu, tuone kama utabadilika.

Nilidhani anaweka mtego. Nilidhani baada ya hapo atawageuzia, kama alivyotugeuzia sisi. Nikasogea mbele ili nisikose.

Akatoa kimfuko cha mahameli. Ndani yake kulikuwa na kipande cha lami.

Aliwaambia ni jiwe lililoanguka kutoka mwezini, likaokotwa shamba na babu yake. Likapita mkono kwa mkono. Wageni walilishika kwa viganja viwili. Lilipofika kwangu nililigeuza. Kizibo cha soda kilikuwa kimeng'olewa, pamebaki kishimo cha duara chenye meno pembeni. Aliona natazama pale. Aliona ni mimi. Hakusita hata kidogo. Aliwaambia wageni wamwangalie binti yule mbele, yaani mimi, ameshika mahali penye shimo kama yale yanayoonekana mwezini.

Kisha akaomba taa zote zizimwe na jiwe liwekwe mezani, chini ya paa la makuti ambako mbalamwezi haikufika. Akawasha tochi. Mdomoni ilikuwa na karatasi nyeusi.

Kipande kikang'aa. Kiling'aa kama kilivyokuwa kiking'aa siku zote, na watu wakashusha pumzi. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba kinawaka kwa ndani.

Ningeweza kusema kwa Kiingereza. Nakijua. Lakini alikuwa Mwalimu wangu, mtu mzima, mbele ya wageni, na sikutaka avuliwe nguo na mimi. Nilitaka avue kofia tu. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyomfikia yeye:

"Kofia, Mwalimu."

Mkono wake ulinyanyuka. Ulinyanyuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile, mpaka vidole vikaigusa kofia. Nikaona vimeshika ukingo. Kisha vikaikaza kichwani.

Akawageukia wageni akatabasamu. Aliwaambia kwamba binti huyu ni mwanafunzi wake wa zamani, mwandishi wa habari, na amesema kwa lugha yetu kwamba yote ni kweli, ameyashuhudia tangu mdogo.

Wakanipigia makofi.

Walipokwenda kula alikuja akakaa kiti cha jirani. Nilimwambia shikamoo, akaitika marahaba. Mwezi ulikuwa umepanda na umekuwa mweupe. Alianza mwenyewe. Alisema kwamba miaka yote aliwaambia watu mwezi ni jiwe jeusi, na wengi walisinzia, na waliokuwa macho waliondoka visiwani wakasahau hata kumtumia salamu. Hapa wanamsikiliza mpaka mwisho. Wengine hulia.

Nikamuuliza kuhusu redio.

"Redio gani?"

"Niliyoiacha. Uliponiambia niondoke."

"Mie nilikwambia usisome," alisema. "Kazi uliacha mwenyewe."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesahihisha daftari. Nilijaribu kukumbuka maneno yake ya siku ile, na kwa mara ya kwanza nilijishuku mimi, nikajiuliza kama niliyasikia au niliyatunga. Niliyasikia. "Ondoka mwenyewe, mwanangu." Niliyasikia, na nilikuwa nimesimama mbele yake.

Alikirudisha kipande kwenye mahameli, akafunga kamba kwa uangalifu. Alinyanyuka, halafu akabaki amesimama.

"Utaandika?" akauliza.

"Nimeona, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama alivyofanya zamani mwanafunzi akipata jibu. Kisha akaniomba jina lake nisilitaje.

Hilo nimempa.